Chupa za bei nafuu za kuhifadhia bia ya nyumbani Malindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanahusu chupa, si namna ya kupika bia. Tunachukulia kwamba ndoo yako imeshachacha, hamira imetulia chini, na sasa unatafuta mahali pa kuitia bia bila kumaliza pesa na bila kuumiza mtu.

Nikitaka chupa rahisi na salama, nianze na ipi?

Anza na chupa ya bia ya nusu lita, ya kioo cha kahawia, ile inayofungwa kwa kizibo cha bati na kufunguliwa kwa opena. Ilitengenezwa kubeba kitu kilekile unachotaka kukitia. Kioo chake ni kinene, kitako kimepinda kwenda ndani, shingo inakubali kizibo cha kawaida cha milimita 26, na rangi yake inazuia mwanga.

Kwa chupa nyingine yoyote, uliza ilibeba nini kabla ya kuuliza bei. Iliyobeba kinywaji chenye gesi itabeba gesi tena. Iliyobeba maji, juisi, mvinyo usio na gesi, asali au pombe kali haikujengewa presha, hata ikiwa nene na ya kupendeza mkononi. Watu wengi wanaoumia hawakuumizwa na chupa kuukuu. Waliumizwa na chupa nzuri iliyopewa kazi isiyo yake.

Hapa Malindi nizitafute wapi?

Sehemu ya kwanza ni baa. Chupa nyingi za bia Kenya ni za kurudisha: mwenye baa amezilipia dipoziti na atadaiwa kreti iliyojaa gari la kampuni likija. Kwa hiyo usimwombe akupe bure. Mlipe dipoziti, au nunua kreti nzima ya bia kwa ajili ya sherehe na ubaki na chupa. Kumbuka kwamba chupa za kurudisha huhesabiwa kuwa mali ya kampuni ya bia. Ukimaliza nazo zirudi kwenye mzunguko, na usizipake rangi wala kuzichora.

Sehemu ya pili, ambayo wengi huisahau, ni chupa zisizorudishwa: bia za nje na mvinyo wenye mapovu. Mji huu una Waitaliano wengi, na mahoteli na nyumba za wageni za upande wa Casuarina na kule Watamu hutoa chupa za prosecco kwa magunia. Hizo hazina dipoziti, na anayezitupa hufurahi ukimpunguzia mzigo. Zitafute wageni wakiwa wengi, kuanzia Desemba hadi Pasaka. Masika yakiingia, kati ya Aprili na Juni, mahoteli mengi hupumzika na chupa hupungua.

Sehemu ya tatu ni wakusanyaji wa chupa na vyuma chakavu. Bei yao ni ya chini na hupangwa papo hapo, lakini hujui chupa imepitia wapi. Chupa za soda na za bia ndizo watu wanazotilia mafuta ya taa, rangi, petroli ya pikipiki na dawa ya kunyunyizia mimea. Inuse kila moja, mdomo wa chupa ukiwa puani hasa. Ya plastiki ikiwa na harufu yoyote ngeni, iache, kwa sababu plastiki hunywa harufu na haiirudishi. Ya kioo inaweza kusafishika, lakini kwa chupa moja ya shilingi chache hakuna haja ya kubahatisha na sumu.

Ndoo moja ya lita 20 inahitaji chupa ngapi?

Toa lita moja ya tope la hamira linalobaki chini. Lita 19 zinajaza chupa 38 za nusu lita, au 57 za mililita 330. Kreti ya kawaida ya bia hubeba chupa 25 za nusu lita, kwa hiyo kreti mbili zinakutosha na akiba inabaki. Akiba hiyo utaihitaji, maana utakataa chupa kadhaa utakapozikagua.

Usinunue chupa ndogo kwa kuwa tu ni rahisi. Kila chupa inataka kuoshwa, kuchemshiwa maji, kujazwa na kuzibwa. Aliyejaza chupa ndogo 57 jioni moja huzitafuta za nusu lita kesho yake.

Nitaitambuaje chupa mbovu?

Kagua chupa ikiwa kavu na tupu, mchana, ukiishika kuelekea kwenye mwanga.

Anza na mdomo. Pitisha ukucha wa kidole gumba kuzunguka ukingo, juu na kwa nje pale kizibo kinapong'ata. Ukucha ukikwama hata kidogo, pana pengo. Pengo la ukubwa wa punje ya mchele linatosha kutoa gesi yote kwa wiki mbili, na mbaya zaidi, kipande hicho cha kioo kinaweza kuwa kimebaki ndani ya chupa. Mapengo mengi hutokana na kufungua chupa kwa chupa nyingine au kwa meno ya kreti.

Kisha tazama mabega na kiuno. Chupa iliyozunguka mara nyingi huwa na mikanda miwili myeupe iliyokwaruzika, pale zinapogusana kwenye kreti. Mkanda mwembamba si tatizo. Mkanda mpana unaokwaruza kidole ukiupapasa unaonyesha kwamba uso wa kioo umechakaa, na kioo hupasukia pale kilipokwaruzika. Hiyo itumie kwa maji ya kunywa mezani.

Mwisho, geuza kitako. Ukiona mstari mwembamba unaometa ukiizungusha chupa, au alama ya nyota yenye miale, huo ni ufa. Hauzibiki wala hauponi. Ivunjie ndani ya gunia uitupe, usimwachie mtoto achezee.

Chupa yenye kutu iliyoshikana mdomoni ni jambo la kawaida hapa kwetu kwa sababu ya hewa ya bahari. Iloweke kwenye siki usiku mmoja, isugue kwa brashi, kisha upitishe ukucha tena. Mara nyingi kutu huwa juu tu na kioo chini yake ni kizima.

Chupa za plastiki za soda zinafaa?

Zinafaa, na kwa anayeanza tunazipendekeza waziwazi. Watu huzidharau kwa sababu ya sura yake, lakini chupa ya soda ya lita 1.25 au 2 ilitengenezwa kubeba lita 3.5 hadi 4 za gesi katika kila lita ya kinywaji. Bia ya kawaida huwa na lita 2.5 hivi. Haihitaji mashine, kifuniko chake ni cha kuzungusha, na ikizidiwa hupasuka au kuvuja bila kurusha vioo.

Faida nyingine ni kwamba unaweza kuibinya. Siku ya kujaza inabonyea, gesi ikizaliwa inakazana, na ikifika ugumu wa soda mpya ya dukani unajua bia iko tayari. Hata anayejaza chupa za kioo afanye hivi: ajaze moja ya plastiki kutoka ndoo ileile, iwe ndiyo kipimo cha nyingine zote.

Hasara zake ziko tatu. Plastiki hupitisha hewa kidogo kidogo, kwa hiyo bia hupauka ladha. Kwa joto la Malindi inywe ndani ya miezi miwili. Pili, haivumilii maji yanayochemka: zaidi ya nyuzi 60 hivi inaanza kujikunja. Tatu, zilizo wazi hazizuii mwanga, na lazima zikae gizani. Tumia iliyobeba soda isiyo na rangi wala harufu kali, kwa maana ile ya chungwa au tangawizi itaipa bia yako ladha yake. Kifuniko chenye mpira wa ndani uliochubuka kibadilishe.

Ukienda kutembea Hifadhi ya Bahari ya Malindi, usibebe bia yako kwenye chupa hizi. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja, zikiwemo chupa za maji, zimepigwa marufuku katika hifadhi.

Na za maji ya kunywa?

Hapana. Ukuta wake ni mwembamba na kitako chake hakina zile "kucha" tano za chupa ya soda zinazosimamia presha. Huvimba kitako, huanguka, kisha kifuniko huvuja. Yale madumu makubwa ya maji ya ofisini ndiyo mabaya zaidi.

Nimepata chupa nyingi za mvinyo na prosecco kutoka hotelini. Je?

Zitenge mafungu mawili. Za mvinyo wa kawaida, ule usio na mapovu, ziache kwa ajili ya siki, mafuta ya nazi au ukwaju. Kizibo cha gome kitarushwa, au kioo kitapasuka, na huwezi kujua kitatangulia kipi.

Za prosecco na shampeni ni ngumu kuliko chupa za kawaida za bia. Tatizo lake liko mdomoni. Baadhi zina ukingo unaopokea kizibo cha bati, lakini mara nyingi ni cha milimita 29, na chuma cha mashine ya milimita 26 hakikifungi. Pima kwa kizibo mkononi kabla ya kubeba gunia zima: kikikaa kwa kulegea na kuzunguka ukingo wote, ni saizi yake. Kikigoma kuvaa, chupa ni ya 29. Nyingine hazipokei kizibo cha bati kabisa na zinataka kizibo cha plastiki chenye kichwa cha uyoga pamoja na kiwaya chake. Kizibo cha plastiki ukikichemsha kinatumika tena mara kadhaa, na kiwaya pia kama hakijakatika. Usikifunge bila kiwaya hata kwa siku moja.

Kwa kuwa nyingi ni za kijani, zifunike kwa gazeti au zitie kwenye boksi.

Za pombe kali, sosi na asali?

Hazifai. Zile za mraba au bapa ndizo hatari kuliko zote, kwa sababu presha husukuma pande bapa na kuzivunjia kwenye kona.

Zile zenye kizibo cha kaure na kiwaya cha kubana?

Za bia halisi ni hazina: hazihitaji mashine, na unabadilisha mpira tu ukikauka na kupasuka. Lakini maduka ya vyombo huuza zinazofanana nazo kwa ajili ya mafuta na maji ya mezani. Kioo chake ni chepesi, mara nyingi cheupe, na huwa na pande nne. Zipime kwa mkono. Chupa ya bia ya aina hii ya nusu lita huwa nzito kuliko ya kawaida na umbo lake ni la duara. Ikiwa nyepesi, ni pambo.

Rangi ya chupa ina maana kubwa kiasi hicho?

Kwa jua la hapa, ndiyo. Mwanga wa jua hukata uchungu wa hopsi (maua yanayotiwa kwenye bia kuipa uchungu) na kuzalisha harufu kali inayomkumbusha mtu kicheche. Haisababishwi na uchafu wala haiondoki ikishaingia. Kioo cha kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, cha kijani huzuia kidogo, na cheupe hakizuii chochote. Kwenye kioo cheupe, dakika chache juani barazani zinatosha.

Hata hivyo usitupe chupa nyeupe za soda za kioo. Zinastahimili presha vizuri na zinapokea kizibo cha milimita 26. Sharti ni giza tangu siku ya kujaza hadi siku ya kunywa: boksi lenye kifuniko, au gunia zito.

Nioshe na nini? Maji ya kisima chetu ni ya chumvi.

Magadi ya sokoni, yale yale ya kuivishia maharage, yanafanya kazi hii vizuri kwa bei ndogo. Tia kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita ya maji ya vuguvugu, koroga, acha mchanga wake utuame, kisha umimine maji ya juu kwenye beseni lenye chupa. Ziache saa 12. Karatasi za nembo nyingi zitaelea zenyewe, na uchafu uliokaukia ndani utalegea. Pitisha brashi ya chupa, hasa pembeni ya kitako, kisha suuza mpaka kioo kisiteleze tena mkononi. Vaa glavu, kwa sababu magadi hukausha na kuwasha ngozi.

Visima vingi vya pwani vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na maji yake ni magumu, mengine yana chumvi. Yakikaukia kwenye chupa huacha ukungu mweupe unaoshika vijidudu na kufanya bia itoe povu ovyo. Ukiuona ukungu huo, tia siki vikombe viwili kwa lita ya maji, loweka nusu saa, suuza. Suuzo la mwisho liwe la maji ya mfereji yaliyochemshwa, au ya mvua.

Sabuni ya vyombo tumia kidogo sana au usitumie. Mabaki yake huua povu la bia kwenye glasi.

Kuna njia ya kuepuka kazi hii yote: suuza chupa mara tatu dakika ileile unapomaliza kuinywa, na uigeuze kichwa chini ikauke. Chupa iliyosuuzwa siku hiyo haihitaji magadi.

Kuua vijidudu je?

Kuosha na kuua vijidudu ni kazi mbili. Dawa haipenyi uchafu, kwa hiyo osha kwanza.

Chupa za kioo unaweza kuzichemsha. Zilaze kwenye sufuria kubwa, zijaze maji baridi, na sufuria yenyewe ijae maji baridi, kisha washa moto. Yakichemka hesabu dakika 10, zima, ziache zipoe humohumo. Ukitumbukiza chupa baridi kwenye maji yanayochemka, au ukamimina maji ya moto ndani yake, kitako kitatoka chote kama sahani.

Kwa plastiki, na kwa kioo pia kama kuni au gesi ni tatizo, tumia jiki isiyo na manukato: mililita 5, yaani kijiko cha chai kimoja, kwa lita ya maji baridi, dakika 15. Kisha suuza mara mbili kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa. Suuzo hilo ni la lazima, maana klorini kidogo ikikutana na kimea hutoa ladha ya plasta ya hospitali, na ulimi huigundua hata ikiwa chembe tu. Jiki isikutane na siki hata kidogo. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu, kwa hiyo kama umetoka kulowesha chupa kwa siki, zisuuze kwanza.

Vizibo vya zamani naweza kuvirudia?

Vya bati, hapana. Kikishapindwa na opena hakishiki tena sawasawa, na ule utando wa ndani umeshabanwa umbo. Vipya huuzwa kwa mamia na gharama ya kimoja ni ndogo kuliko bia utakayoipoteza. Malindi si rahisi kuvipata dukani. Wengi huagiza kutoka Nairobi au Mombasa, vikaja na basi.

Mashine ya mikono miwili ndiyo ya bei ya chini na inatosha kwa mafungu madogo. Ile ya kusimama mezani ni ghali lakini haivunji shingo. Kile kichuma cha kugongea kwa nyundo kisikushawishi, ingawa ni rahisi mno: kila chupa ya kumi utaigonga vibaya.

Chupa yenye hesi mdomoni, inayofunguliwa kwa kuzungushwa kwa mkono, haishiki kizibo cha mashine hizi vizuri. Ikatae tangu mwanzo.

Kwa nini chupa hulipuka, na sukari nitie kiasi gani?

Hapa ndipo bei ya chupa inapopata maana, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Bia iliyochachia nyuzi 28 hubaki na takriban lita 0.7 ya gesi ndani ya kila lita. Unataka ifike 2.4 hivi. Kila gramu 4 za sukari kwa lita huongeza karibu lita moja ya gesi. Kwa hiyo unahitaji gramu 6.5 kwa lita, yaani gramu 125 kwa lita 19. Pima kwa mizani ya jikoni. Chemsha sukari hiyo dakika 5 kwenye maji mililita 300, ipoe, imimine kwenye ndoo safi, kisha hamisha bia kwa mpira juu yake na ukoroge taratibu bila kuirusha. Ukitia sukari chupa kwa chupa kwa kijiko, kumbuka kwamba kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba karibu gramu 4. Hiyo ni gramu 8 kwa lita kwenye chupa ya nusu lita, tayari uko juu. Kijiko cha mlima ni karibu mara mbili yake.

Gesi ileile haisukumi kwa nguvu ileile kila mahali. Ndani ya friji, nyuzi 5, lita 2.4 za gesi husukuma kama psi 10 (psi ni kipimo cha presha, kile cha upepo wa tairi). Stoo ikifika nyuzi 30, chupa hiyohiyo inasukumwa na psi 38, zaidi ya tairi la gari dogo. Vipimo vingi vimeandikwa na watu wanaokaa kwenye baridi, na chupa iliyovumilia kwao haijapimwa kwa Januari ya Malindi.

Lakini ni mara chache sukari uliyoipima ndiyo inayolipua. Kinacholipua ni sukari iliyobaki kwenye bia ambayo haijamaliza kuchacha. Kila alama moja ya haidromita (kipimo kinachoelea kwenye bia kuonyesha sukari iliyomo) iliyobaki itakuongezea karibu nusu lita ya gesi. Tuseme bia ilipaswa kushuka hadi 1.010 nawe ukaifunga ikiwa 1.016. Alama 6 ni lita 3 za gesi juu ya zile 2.4. Kwa nyuzi 30 presha inapita psi 100, na hapo hakuna chupa ya bia ya kurudisha unayoweza kuiamini. Soma haidromita, ngoja siku tatu, soma tena. Namba isiposogea, funga. Mapovu kukoma kwenye ndoo si ushahidi, huenda kifuniko kinavuja tu.

Sababu ya pili ni uchafu. Hamira ngeni na bakteria hula sukari ambazo hamira yako haiziwezi, polepole, wiki baada ya wiki. Ukiona chupa za ndoo moja ziko sawa isipokuwa mbili tatu zinazoruka povu zikifunguliwa, hizo ndizo hazikuoshwa vizuri. Zikiruka zote, ni sukari au haraka.

Nijaze mpaka wapi?

Kwenye kioo acha sentimita 2.5 hadi 3 kutoka mdomoni. Plastiki ijaze vivyo hivyo, kisha ibinye mpaka bia ifike ukingoni na ufunge ikiwa imebinywa, hewa itakuwa imetoka. Kujaza nusu chupa si uwekevu. Hewa iliyobaki huiharibu bia hiyo kwanza.

Niziweke wapi kwenye nyumba ya Malindi?

Wima, gizani, sakafuni, kwenye chumba kisichopata jua la alasiri. Nyumba za zamani zenye kuta nene za mawe ya matumbawe zinafaa sana. Stoo ya mabati ni tanuri. Siku 7 hadi 10 zinatosha kutia gesi kwa joto letu, kisha hamishia kwenye friji kadiri nafasi inavyoruhusu, kwa maana kila wiki kwenye nyuzi 30 inazeesha bia kuliko wiki kadhaa za friji.

Kwa usalama, ziweke ndani ya kreti iliyofunikwa gunia zito, au kwenye boksi la mbao lenye kifuniko. Si chini ya kitanda, si kwenye njia ya watoto.

Ukiishi karibu na ufuo, vizibo vitaota kutu kwa upande wa nje. Vifute maji baada ya kufunga, na weka kreti kwenye beseni kubwa la plastiki lenye kifuniko. Kutu ya juu haidhuru, lakini iliyofika ukingo wa chini itatoboa.

Naweza kufunga mnazi kwenye chupa hizi?

Usiufunge kwa kukaza. Mnazi huanza kuchacha ukiwa bado kwenye kibuyu juu ya mti na hausubiri mtu, una sukari nyingi na hamira hai. Ukiuziba asubuhi, jioni una bomu. Weka kwenye dumu au chupa ya plastiki, kifuniko kikiwa kimelegezwa, kwenye baridi, na unywewe siku hiyo. Ukichelewa unageuka siki.

Na tangawizi ya kutia hamira?

Chupa ni zilezile, plastiki ya soda kwanza. Kwa kuwa sukari yake haiishi, ikishakuwa ngumu mkononi, mara nyingi baada ya siku moja au mbili, iende kwenye friji mara moja na isitoke humo hadi siku ya kunywa. Kwa nyumba isiyotumia kileo, jueni kwamba hamira huzaa kileo hata humu, ingawa ni kidogo.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 inataka leseni kwa kutengeneza na kwa kuuza, na shughuli za leseni ziko chini ya kaunti, kwa hapa ni Kilifi. Uliza ofisi ya kaunti kabla hujanunua kreti ya kwanza.

Nahisi chupa zangu zimezidi presha. Nifanye nini sasa?

Usiziguse kwa mikono mitupu na usizitingishe. Vaa miwani ya kazi, koti zito au shati la mikono mirefu na glavu. Zifunike taulo lililolowa, kisha zihamishie kwenye friji au kwenye beseni la maji, ukiongeza barafu kidogo kidogo. Ziache saa 24, presha itashuka. Halafu, moja moja, taulo likiwa limezunguka chupa yote, inua ukingo wa kizibo kwa opena mpaka usikie gesi, uachie, rudia mpaka inyamaze. Unaweza kuzifunga upya kwa vizibo vipya ikiwa bia ni nzuri ladha. Ikiwa imechachuka na kunuka, mwaga. Chupa yenyewe ikague mdomo na kitako kabla ya kuirudisha kwenye kreti.